Hivi ukishaijua sayansi ya kitu, uzuri wake unabaki kweli?

Chalii wa Sakina

Wakuu habari za jioni. Nina swali linanisumbua na sikujua nilitupie jukwaa gani, la sayansi watanicheka, la mahusiano ndo kabisa, kwa hiyo nimelileta hapa hapa kwa wana Arusha na Moshi.

Nina shemeji yangu kasomea jiolojia. Mtu safi, hana neno, ila ukitoka nae matembezi umekwisha. Tulienda Momella na familia pale ndani ya Hifadhi ya Arusha, siku hiyo hali ya hewa imefunguka vizuri, Meru iko wazi yote, flamingo wamejaa pembeni ya ziwa mstari mzima pinki, nyati wapo kule kwenye majani wala hawana habari na sisi, watoto wametulia kitu ambacho kwangu ni muujiza peke yake. Mi nimekaa tu naangalia. Shem akaanza. Unaona ule upande wa mashariki wa mlima umekatika? Ule mlima ulibomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, ubavu mzima ukaporomoka ukamwagika mpaka huku, hivi vilima vyote unavyoona ni kifusi, na haya maziwa ni mashimo yaliyobaki katikati ya kifusi yakajaa maji. Nikasema sawa shem. Akaendelea, hao flamingo vifaranga vyao vinakuwa vya kijivu, pinki wanaitoa kwenye chakula, vile vijimea vidogo vya majini wanavyochuja na mdomo, wasipovipata wanapauka. Afu maji yana magadi ndo maana maziwa yamepishana rangi. Akamalizia na kwamba mara ya mwisho Meru kutoa majivu ni 1910 kwa hiyo tusije tukajisahau. Yaani mpaka anamaliza mi mbele yangu naona kifusi, magadi na ndege waliopakwa rangi.

Na haijaishia pale. Asubuhi nikitoka nyumbani naiona Meru, upande wa huku kwetu imesimama nzima nzuri tu, ila kichwani kitu cha kwanza kinachokuja ni "huko nyuma imebomoka". Zamani nilikuwa naiangalia tu.

Swali langu: ukishajua kitu kimetokeaje na kinafanyaje kazi, ule uzuri unaongezeka, unapungua, au unakuwa kitu kingine kabisa? Jibu la "inategemea" sitaki, kila mtu aseme la kwake.

Ngarenaro Original

Shida sio sayansi, shida ni shemeji. Safari ijayo mwache nyumbani afue. Uzi ufungwe.

Mguu wa Mlima

Hahaha Ngarenaro acha fujo. Mleta mada mi nakujibu kwa sababu hii ndo inayonipa ugali. Napandisha wageni Kili, ila kabla ya leseni nilikuwa mgumu, nimebeba mizigo ya watu miaka ya kutosha. Kipindi kile tukifika Barranco, kempu moja ya njiani kule juu, pale kwenye ile miti ya masenesio makubwa, mi nilikuwa nayaona ni mamiti mabaya fulani, shina zima limezungukwa na majani makavu yananing'inia, ukiniuliza siku hizo ningekwambia pale panataka watu wa usafi. Una mzigo kichwani, mvua inakupiga, unawaza kempu na chai, huna muda na mti.

Nikaja kwenye mafunzo ya uongozaji, mwalimu mmoja akatuelekeza kwamba yale majani makavu mti umeyashikilia makusudi kabisa, ndo blanketi lake. Kule juu ya mita 3,500 mchana jua linachoma ngozi mpaka inabanduka na usiku kunaganda, na hiyo ni kila siku, mwezi wowote. Ule mti ukivuliwa hayo majani makavu shina linashika baridi na maji ndani yanaganda, unakufa. Jioni majani mabichi ya juu yanajikunja kufunika kile kichipukizi cha katikati, asubuhi yanafunguka. Na lobelia ndo balaa zaidi, yenyewe inakusanya maji katikati ya majani yake, usiku yale maji yanashika barafu juu tu, chini yanabaki maji, kichipukizi kiko humo chini kimepona. Ukipita alfajiri ukaweka kidole pale juu unagusa barafu nyembamba, ukiivunja chini kuna maji. Mi hiyo nilikuwa naipita na mzigo nikijua ni kabichi ya porini.

Kwa hiyo kwangu mimi sayansi ndo iliyoniletea uzuri, kabla ya hapo sikuwa nauona wowote. Mgeni asipoelezwa anapiga picha moja anapita. Ukimweleza anachuchumaa, anarudi nyuma anaita mwenzake, na safari inachelewa lakini hakuna anayelalamika.

Ila ngoja nikupe na upande wa pili nisije nikaonekana nafanya promo. Barafu ya juu. Watafiti walilinganisha ramani ya 1912 na hali ya 2007 wakakuta eneo lililokuwa limefunikwa na barafu limepotea asilimia 85. Na hata sio yote inayeyuka ikatiririka, hewa ya kule ni kavu sana kwa hiyo nyingine inatoka moja kwa moja kuwa mvuke, unaangalia ukuta wa barafu umesimama pale hauchuruziki hata tone na bado unaisha. Mgeni anafika asubuhi jua linatoka, ule ukuta unawaka rangi ya dhahabu, analia kwa furaha. Mi niko pembeni yake nami machozi yananilenga ila sio kwa sababu moja na yeye. Ni pazuri kwangu kuliko zamani na panauma kuliko zamani, vyote pamoja, sijaweza kuvitenganisha.

Na kitu kingine ambacho kilinigeuza kabisa. Sisi wa Moshi tumekua tunaambiwa barafu ikiisha maji yataisha. Kumbe maji tunayokunywa mengi mno yanatokana na ule msitu wa katikati, unaokamata mvua na ukungu, barafu mchango wake ni mdogo sana. Sasa msitu ule kwangu ilikuwa siku ya matope tu, unapita haraka ili ufike kwenye mandhari. Tangu nimejua, ile siku ya kwanza ndo naipenda kuliko zote, ndevu za wazee, zile nyuzi nyuzi zinazoota kwenye miti, zinaning'inia kwenye matawi zinadondosha maji, mbega wanaruka, nawaambia wageni hapa ndo bomba linapoanzia.

Mama Kihamba

Wanangu hamjambo. Mimi niko Kibosho, shule yangu ni darasa la saba, baada ya hapo nimefundishwa na kahawa. Nawasoma tu siku zote leo nimeona niseme.

Mvua ikinyesha baada ya ule ukavu mrefu, haipiti wiki mbili kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, kinabadilika, mibuni inatoa maua meupe matawi yote, na ile harufu ukifungua mlango alfajiri inakukuta hapo hapo. Inakaa siku chache tu inaisha. Mimi hiyo naijua tangu nimeolewa hapa na ilikuwa inanitosha. Sasa kijana wangu yuko Sokoine Morogoro anasoma kilimo, alikuja likizo akaniambia mama hayo maua utamu wake una kafeini kidogo, ile ile ya kwenye kahawa, na kuna utafiti ulitoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyuki akinywa utamu wenye kafeini kidogo namna hiyo anaikumbuka ile harufu siku ya pili yake kuliko nyuki aliyekunywa sukari tupu, mara tatu yake. Yaani mbuni unamnywesha nyuki kahawa ili akumbuke kurudi. Nilicheka mpaka baba yao akatoka ndani kuuliza kuna nini. Sasa kila maua yakitoka nawaangalia wale nyuki nasema haya, wateja wa kudumu hao. Mwanangu wa Sakina, mimi hapo sijapoteza kitu, nimeongezewa.

Lakini kuna mgeni aliletwa hapa nyumbani na watu wa utalii wa kahawa, binti mzuri mwenye adabu, akageuza jani la mbuni akakuta chini kuna unga wa rangi ya chungwa, akasema angalia rangi ilivyo nzuri. Akapiga picha. Mimi moyo ulikuwa umeshashuka. Ile ni kutu ya majani, ni ugonjwa, majani yanapukutika, mwaka huo mavuno hakuna. Alikuwa anasema kweli, ile rangi ukiiangalia ni nzuri, inang'aa. Macho yangu hayawezi tena. Na sitaki yaweze, maana siku nikiiona nzuri ndo siku kihamba kimeniponyoka.

Ngarenanyuki Halisi

Nimewasoma wote naona mnaongea vizuri ila ruhusuni na mimi niharibu sherehe.

Mi nimekulia pande za Ngarenanyuki nyuma ya Meru. Maji yetu ukiyachota ni meupe, baridi, hayana harufu wala ladha, utotoni tulikuwa tunalala kifudifudi tunakunywa moja kwa moja pale yanapotoka, mlima uko juu yako, ukitaka picha ya kalenda ni hiyo. Meno yangu ni ya kahawia mpaka leo. Wa Dar mkituona mnadhani hatupigi mswaki. Ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye mawe ya volkano, ile ile volkano ya shem wa jamaa, maji yanapita humo yanayabeba, mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajitengeneza ndani ya ufizi ndo yanatoka hivyo na hakuna mswaki utakaotoa. Na meno ni afadhali. Wapo watoto wamepata matege, mifupa imepinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, pande zetu kuna vyanzo vinapita hapo mara nyingi sana. Na bado tulikuwa tunapikia maharage magadi ya kuokota huko huko, nayo yanaongeza.

Sasa niambieni huo uzuri ulioongezeka uko wapi? Mi nikienda nyumbani nikaona ile chemchemi naona kitu kinachodanganya. Wageni wanaipiga picha. Mi picha ya pasipoti nafunga mdomo. Nyie mnaosema sayansi inaongeza utamu mnaongelea vitu ambavyo havijawahi kuwagusa, maua na ndege. Mama wa Kibosho peke yake ndo kanielewa.

Halafu mnausifia udongo wa volkano unaotoa ndizi na kahawa. Ni mlima huo huo.

Chalii wa Sakina

Dah Ngarenanyuki pole sana mwamba, hii ya kwako nzito. Na shem kweli aliigusia floraidi ila kwa haraka tu, kama namba. Hapo ndo sikumpenda.

Ila mi naona bado hamjanijibu ninachouliza. Nyie wote mnaongea habari ya kujua kitu kipya afu unaona zaidi. Mi naongelea ile hali ya kukaa tu kimya bila kujua chochote. Hiyo inarudi? Manake naona elimu nayo ina namna yake ya kumfunga mtu macho. Mnakumbuka ile stori ya Rebmann, yule mmisionari wa Kijerumani, 1848 aliuona Kilimanjaro toka mbali akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Wasomi wa London wakamkatalia, yule Desborough Cooley ndo kabisa alimshupalia miaka na miaka, eti theluji karibu na ikweta haiwezekani, atakuwa kaona vibaya. Hajawahi kukanyaga huku! Na hapo Mchagga anachunga mbuzi anaiona kila asubuhi bila kumuomba mtu ruhusa. Sasa nani alikuwa anauona mlima, msomi au mchunga mbuzi?

Mguu wa Mlima

Mkuu hiyo stori imalizie basi. Aliyekuja kuthibitisha ni von der Decken, mpelelezi wa Kijerumani, alikuja 1861 akarudi tena 1862 akapanda mpaka zaidi ya mita 4,000, theluji ikamnyeshea juu ya kichwa. Na ile lobelia niliyokwambia jina lake la kisayansi ni Lobelia deckenii, ni huyo huyo. Kwa hiyo Cooley hakufungwa macho na sayansi, alifungwa na kiti, alikaa London. Angekuja akapima tusingekuwa tunamtaja hapa.

Ila nakubali kwamba mchunga mbuzi hakuhitaji yeyote kati yao.

Ticha wa Chini ya Mkuyu

Nafundisha biolojia sekondari moja hapa Moshi, naomba nichangie kwa utaratibu japo najua mtasema naleta darasa.

Chalii, mimi nina mashaka kwamba kinachoua ni sayansi. Kinachoua ni namna tunavyoipeleka. Tunamwambia mtoto taja sehemu nne za ua, alama nne. Anakariri, anataja, anapata alama zake, na hajawahi kupasua ua hata moja kwa kucha zake. Miaka miwili tunafanya naye hivyo afu tunashangaa akiona ua anapiga miayo. Nadhani na shemeji yako alikupa notisi, hakukupa muda. Alikwambia majibu ya maswali ambayo ulikuwa hujauliza bado. Ungekaa pale nusu saa ukajiuliza mwenyewe hivi kwa nini huu mlima upande mmoja hauna ukuta, ungemfuata wewe mwenyewe ukimuomba akueleze.

Shuleni kwetu kuna mkuyu mkubwa. Makuyu yakiiva wanafunzi wanaokota wanakula, siku zote. Siku moja nikawaambia leteni, tukayapasua, nikagawa lenzi za mkono. Tunda la mkuyu kwa kweli ni maua mengi sana yamegeukia ndani, nje huoni hata moja, ndo maana hakuna aliyewahi kuona mkuyu umechanua. Kuna kinyigu jike kidogo mno kinaingia kwa kitundu cha mbele, kinajipenyeza kwa nguvu mpaka mabawa yanakatika, kinachavusha yale maua, kinataga, kinafia humo humo. Watoto wakikua, wale wa kiume hawana mabawa kabisa, hawatakuja kuona nje kwa maana ya kuishi huko, wanawapanda majike humo ndani, wanatoboa njia, na kazi yao imeisha. Majike wanatoka na chavua kwenda kutafuta mkuyu mwingine na wana muda mfupi tu wa kuupata. Mkuyu bila kinyigu hauna mbegu, na kinyigu bila mkuyu hakina pa kuzaliwa.

Darasa likagawanyika. Nusu walitema mate, "ticha sisi tumekula wadudu miaka yote hii!" Kuna binti mmoja hasemagi kitu darasani, akabaki na lenzi yake mpaka kengele ya mapumziko imelia, nikamwambia nenda kale, akaniambia ticha subiri kuna mmoja anatoka. Sasa mnieleze, mkuyu ule umekuwa mzuri zaidi au mbaya zaidi? Kwa wale wa mate umekuwa mbaya. Mimi sikuwalazimisha.

Kuna na hili la chozi, vile vindege vidogo vya mdomo uliopinda vinavyonyonya maua hapa majumbani. Ile kijani inayong'aa shingoni, ukichukua unyoya ukausaga unapata unga mweusi mweusi wa kahawia, kijani hakuna. Rangi haimo, iliyomo ni matabaka madogo madogo sana ndani ya unyoya yanayorudisha mwanga wa aina moja zaidi kuliko mwingine, ndo maana akigeuka kidogo unamuona mweusi, akirudi anawaka tena. Mimi niliposoma hilo chuoni nilikuwa na wiki mbaya sana ya kukosa ada na ndege alikuwa dirishani, nikakaa nikamwangalia anavyozima na kuwaka. Chalii hali yako ya kukaa kimya mimi niliipata baada ya kujua.

Kwa ndugu wa Ngarenanyuki. Sina cha kukupinga. Ila nakuuliza kwa heshima, waliokwambia kwamba maji yale si mazuri ni akina nani? Wazee walikuwa wanasema ni asili tu ya watu wa huku. Waliopima ndo wamekupa sababu ya kutowanywesha watoto wako.

Ngarenanyuki Halisi

Ticha hapo umenishika pazuri. Na kweli wanangu wanakunywa ya mvua, nimeweka tenki, meno yao meupe mpaka naona wivu. Pale Ngurdoto wana kituo cha kuchuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, niliwahi kwenda kuangalia, mkaa wa mifupa unaikamata floraidi maji yanatoka salama. Sasa ule mtungi wa plastiki wenye mifupa meusi ndani, nisikufiche, niliuona mzuri. Kitu kibaya kwa sura kabisa.

Ila chemchemi sitaki kuiona.

Mswahili wa Majengo

Mi kwetu Pangani ila maisha yamenileta Moshi. Nyie mnaongelea maua na mawe, mi nasubiri umeme ukatike. Ukikatika usiku natoka nje naangalia Kilimia, kile kikundi cha nyota kidogo kilichobanana. Babu yangu alikuwa na msemo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na shamba alilima kwa hesabu hiyo. Baadae ndo nikaja kusoma kwamba ule mwanga umesafiri kama miaka 440 mpaka kufika hapa. Piga hesabu, mwanga ninaouona uliondoka kule Wareno hawajaanza hata kujenga Fort Jesus Mombasa, ile ilianza 1593. Na kwa macho unahesabu nyota sita saba lakini zipo zaidi ya elfu.

Babu hakuyajua hayo na alikuwa anaipenda kuliko mimi, kwa sababu kwake ilikuwa inaleta chakula. Mi inaniletea tu kukodoa macho mpaka umeme urudi. Kwa hiyo Chalii usidhani kulikuwa na watu wa zamani wanaangalia bila kujua chochote, huyo mchunga mbuzi wako nae alikuwa anasoma wingu la mlima kujua kama mvua inakuja.

Broka Mstaafu

Mada nzuri, nimechelewa. Mi nimekula maisha yangu kwenye tanzanite, Mirerani na hapa mjini, sasa nimepumzika, nina duka la vifaa vya umeme. Niwaambie kitu.

Jiwe lile linajulikana tangu 1967 na machimbo ni pale pale Mirerani tu dunia nzima. Bluu inatokana na madini ya vanadiamu kidogo sana yaliyomo ndani. Na mengi yakitoka chini hayana hiyo bluu mnayoiona kwenye vioo vya masonara, yanatoka yamekaa kahawia hivi, yanachomwa, joto la nyuzi 500 na kitu, kahawia inaondoka inabaki bluu na zambarau. Wateja wengine ukiwaambia wanahuzunika kabisa, anaona kadanganywa, anataka jiwe lililochomwa na Mungu mwenyewe. Mi sikuwahi kuona tofauti, moto ni moto. Bichi ukilizungusha linakupa rangi tatu, upande huu bluu, huu zambarau, huu nyekundu ya kahawia, kwa sababu mwanga ukipita kila upande wa fuwele unakatwa tofauti. Hiyo nilielezwa na mzungu mmoja mwenye vipimo na nikaanza kupenda mawe mabichi, tena yale madogo yasiyouzika.

Kilichoniulia uzuri mimi ni bei. Miaka ikaenda ikafika nikishika jiwe sioni rangi, naona karati, naona ufa, naona huyu anauza kwa shida nimkandamize. Mke wangu alinionyesha anga la jioni, ile rangi ya baada ya jua kuzama, nikamwambia hiyo ni gredi ya kati. Sijatania. Nimeacha biashara kwa sababu zingine ila hiyo niliikumbuka sana. Mwacheni shem wa watu.

Chalii wa Sakina

"Gredi ya kati" hahahaha nimeshindwa kula. Mzee heshima yako.

Haya, shem nimemtumia huu uzi. Kasoma wote, kajibu kitu kimoja tu, eti Ticha kakosea kidogo, kifusi cha Meru hakiwezi kueleweka kwa nusu saa, inatakiwa kutwa. Anataka turudi Momella tupande mpaka kwenye ukingo. Bado nafikiria. Nikikubali nitamwambia asubuhi ni yangu, saa nane kuendelea ndo aanze kuongea.

Ngarenaro Original

Mi nilisema uzi ufungwe hamkunisikia sasa nimesoma mpaka mwisho na kazi sijafanya.

Broka shikamoo. Nina kijiwe niliuziwa na mshikaji stendi, kanihakikishia ni tanzanite ya uhakika, bluu kali. Nitajuaje?

Broka Mstaafu

Marahaba. Stendi?? Haya. Lizungushe kwenye mwanga polepole, kama rangi ni ile ile kila upande bila kubadilika hata kidogo hicho ni kioo, weka kwenye akwariamu ya samaki. Kama linabadilika lilete dukani nilione. Uje mchana, nje, kwenye kivuli. Usije usiku, chini ya taa za njano linakuwa zambarau zaidi, linapendeza mno, na hapo ndo watu wengi wanapopigwa. Na usilitoe mfukoni kumuonyesha mtu njiani.